Maneno Kama Sampuli: Historia ya Kuhukumu Athari Thabiti Katika Takwimu za Isimu

Mwaka wa 1973 Herbert Clark, mtaalamu wa saikolojia ya lugha katika Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha makala yaliyowakosesha raha wenzake wengi. Shitaka lake lilikuwa jepesi kusema na zito kubeba. Alidai kwamba sehemu kubwa ya matokeo yaliyokwisha kuchapishwa kuhusu namna watu wanavyosoma, wanavyokumbuka na wanavyofahamu maneno yalikuwa hayajathibitishwa, hata pale ambapo hesabu zake zilifanywa bila kukosea tarakimu moja. Hakuwatuhumu wenzake kwa udanganyifu. Aliwatuhumu kwa kusahau kwamba maneno waliyoyatumia yalikuwa machache yaliyookotwa katika lugha yenye maneno maelfu, na kwamba maneno mengine, lau yangeokotwa hayo, yangeweza kutoa jibu jingine.

Ili shitaka hilo lieleweke, yafaa litazamwe kwa Kiswahili chenyewe. Majina kama kijana, kipofu, kinyozi na kiongozi yana umbo la ngeli ya KI-VI, lakini katika Kiswahili sanifu hupatanishwa kama majina ya viumbe: husemwa kijana amefika, wala si kijana kimefika. Ndivyo ilivyo pia kwa kiboko, kifaru, kipepeo na kinyonga. Ichukuliwe kwamba mtafiti anashuku kuwa wanafunzi ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza huupata upatanisho huu kwa urahisi zaidi katika majina ya watu kuliko katika majina ya wanyama. Anachagua majina 10 ya watu na 10 ya wanyama, anawaita wanafunzi 20, na kila mmoja wao anakamilisha sentensi 20. Majibu 400 yanapatikana, kila moja likiwa ama sahihi ama kosa.

Tofauti kati ya watu na wanyama katika mfano huu ndiyo iitwayo athari thabiti: mtafiti ameichagua mwenyewe kwa makusudi, na pande zake zote mbili ziko mbele yake. Wanafunzi hawako hivyo. Hakuna anayetaka kujua habari za hao 20 peke yao. Wameitwa ili wawawakilishe wenzao wengi wasioitwa, na lau wangeitwa wengine kusudi la utafiti lisingebadilika. Kwa istilahi ya takwimu, wao ni athari nasibu. Swali la Clark lilikuwa hili: je, majina yale 20 yako upande upi?

Watafiti wa siku zile walilijibu kwa vitendo bila ya kuliuliza. Walichukua wastani wa kila mtu katika kila kundi la maneno, wakalinganisha wastani huo, wakatangaza matokeo. Hesabu ya namna hii hujibu swali moja tu: kama wangeitwa wanafunzi wengine wakapewa majina yale yale, je, tofauti ingeonekana tena? Kuhusu majina mengine haisemi lolote. Ikiwa kipepeo na kinyonga ni maneno yaliyo mageni kwa wanafunzi hao, mawili hayo peke yake yanaweza kuushusha wastani wa wanyama wote, na kuushusha kwa kila mwanafunzi. Tena kadiri wanafunzi wanavyoongezwa ndivyo ushahidi unavyozidi kuonekana imara. Waitwe hata elfu moja, majina ya wanyama yatabaki kuwa 10, na kipepeo atakuwa yule yule.

Wala Clark hakuwa wa kwanza kuliona jambo hili. Mwaka wa 1964 E. B. Coleman alikuwa amekwisha kuwaeleza wanasaikolojia kwamba anayetaka kusema juu ya lugha nzima hana budi kuyahesabu maneno kama anavyowahesabu watu. Makala yake yalisomwa na wachache, yakasahauliwa. Na msingi wa hoja yenyewe ulitoka mbali zaidi, mashambani. Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka wa 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, ndiye aliyeunda uchanganuzi wa tofauti ili kutenganisha kazi ya mbolea na kazi ya udongo. Kitabu chake cha mwaka wa 1925 kiliipeleka njia hiyo katika maabara za dunia nzima. Mwaka wa 1947 Churchill Eisenhart alieleza wazi kwamba chini ya hesabu hizo zimefichika dhana mbili tofauti: moja ya vitu vilivyochaguliwa kwa ajili yao wenyewe, na nyingine ya vitu vilivyochukuliwa kuwa sampuli tu. Charles Henderson wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika jitihada za kukadiria thamani ya mafahali kwa maziwa ya binti zao, aliziweka dhana hizo mbili ndani ya mlinganyo mmoja. Huo ndio ulioitwa baadaye modeli mseto. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba wafugaji wa ng'ombe walikuwa nayo miaka zaidi ya 20 kabla ya makala ya Clark, ilhali wataalamu wa lugha walihitaji kuaibishwa ndipo waanze kuitazama.

Dawa aliyoitoa Clark ilifaa kwa siku ambazo kompyuta ilikuwa adimu. Hesabu ifanywe mara mbili: kwanza kwa wastani wa watu, ipatikane F ya kwanza, kisha kwa wastani wa maneno, ipatikane F ya pili. Halafu zao la hizo mbili ligawanywe kwa jumla yake, na tokeo ndilo kiwango cha chini kabisa cha F ambayo mtafiti angeipata kama angeyahesabu yote pamoja. Katika mfano wa ngeli ya KI-VI, tuseme F zote mbili ni 6. Kila moja peke yake inapita kizingiti cha kawaida, kilicho karibu na 4.4 kwa watu 20 au majina 20, na mtafiti wa haraka angekwisha kushangilia. Lakini 36 ikigawanywa kwa 12 inabaki 3, na kizingiti chake ni kama 4.1. Tofauti iliyothibitishwa mara mbili haikuthibitishwa hata mara moja.

Majibu yalikuja kwa wingi mwaka wa 1976. Kenneth Forster na R. G. Dickinson waliijaribu njia hiyo kwa kuzalisha matokeo ya kubuni kwenye kompyuta, wakaona kwamba mara nyingine ilikuwa kali kupita kiasi. Edward Wike na James Church walipinga kwa hoja nyingine ambayo haijafa hadi leo: hakuna mtafiti anayechagua maneno kwa bahati nasibu. Huyachagua kwa urefu, kwa wingi wa matumizi, kwa sauti ya mwanzo, na akimaliza kuchuja huenda hakubaki maneno mengine nje ya orodha yake. Hoja hii haifai kupuuzwa na msomaji wa Kiswahili. Majina ya watu yenye umbo la KI-VI ni mengi, lakini ya wanyama si mengi. Baada ya kiboko, kifaru, kipepeo, kinyonga, kiroboto, kiwavi na kifaranga mtu huanza kukuna kichwa. Mtafiti mwenye majina 10 ya namna hiyo huenda ameshika sehemu kubwa ya yote yaliyopo, na kwake kuyaita sampuli kutoka katika umma usio na mwisho ni kuongeza chumvi. Uamuzi juu ya kilicho nasibu na kilicho thabiti hautolewi na fomula. Hutolewa na mtu anayeijua lugha.

Baada ya malumbano hayo kilichofuata kilikuwa cha kusikitisha. Ushauri wa Clark ulipokewa nusu. Majarida yaliwadai watafiti F zote mbili, na ikawa desturi kwamba zikipita kizingiti zote mbili mambo yamekwisha. Ile hatua ya tatu ya kuziunganisha ikaachwa. Mfano wa 6 na 6 hapo juu waonyesha wazi kwa nini desturi hiyo haikuwa na msingi. Mwaka wa 1999, zaidi ya robo karne baadaye, Jeroen Raaijmakers na wenzake walilazimika kuandika upya jambo hilo hilo katika jarida lile lile lililomchapisha Clark, ambalo tangu mwaka wa 1985 lilikuwa likiitwa Journal of Memory and Language.

Wakati huo huo wanaisimu jamii walikuwa wakisafiri kwa njia nyingine. Wao hawakuwaita watu maabara. Waliyanasa mazungumzo na kuhesabu ni mara ngapi sauti fulani ilitamkwa au ilidondoshwa. Mwaka wa 1974 Henrietta Cedergren, aliyekuwa amekichunguza Kihispania kinachozungumzwa katika jiji la Panama, pamoja na mwanahisabati David Sankoff wa Montréal, walitoa njia ya kukadiria kanuni zenye uwezekano, na programu iliyoitwa VARBRUL ikaenea. Hii ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu iliyakubali majibu ya ndiyo na siyo kama yalivyo. Lakini ilikuwa na kasoro ya upande wa pili: kila tamko lilihesabiwa kuwa shahidi anayejitegemea. Msemaji mmoja mwenye maneno mengi, ambaye pengine ana mazoea yake mwenyewe, aliweza kuonekana kama kizazi kizima cha vijana au tabaka zima la wafanyakazi. Ni mwaka wa 2009 ndipo Daniel Ezra Johnson alipotoa programu ya Rbrul ili wanaisimu jamii wawaingize wasemaji na maneno kama athari nasibu.

Njia hizi mbili zingeweza kukutana mapema zaidi, maana chombo cha kuziunganisha kilikuwa kikitengenezwa kwingine. Mwaka wa 1972 John Nelder na Robert Wedderburn, wote wa Rothamsted ile ile ya Fisher, walionyesha kwamba hesabu za vipimo, za majibu ya ndiyo na siyo, na za idadi ya matukio ni watoto wa familia moja, wakaiita familia hiyo modeli za mstari zilizojumlishwa. Kilichobaki kilikuwa kuitia athari nasibu ndani yake. Kusema ni rahisi, kutenda kulikuwa kugumu. Ili kukadiria modeli kama hiyo, ni lazima kujumlisha juu ya hali zote zinazowezekana za kila mtu na kila neno, na jumla hiyo haina jibu la kuandikika kwa fomula. Mambo huzidi kuwa mazito pale ambapo kila mtu amekutana na kila neno, kwa kuwa hapo tatizo halikatiki vipande vidogo.

Kilichowasukuma wanatakwimu kulishughulikia jambo hili hakikuwa lugha hata kidogo, kilikuwa salamanda, mnyama mdogo wa jamii ya chura afananaye na mjusi. Watafiti wa Chicago walichukua salamanda wa kutoka sehemu mbili za milimani, wakawaweka jike na dume pamoja na kuangalia kama wangepandana. Majaribio yalikuwa 3, kila moja likiwa na majike 20 na madume 20, na yakatoa majibu 360 ya ndiyo na siyo. Majike wa upande mmoja walielekea kuwakataa madume wa upande wa pili. Je, hiyo ilikuwa tabia ya aina yao, au ni majike kadhaa wenye kuchagua sana? Swali hili ni lile lile la kipepeo na kinyonga. Weka mwanafunzi mahali pa jike na jina mahali pa dume, muundo haubadiliki. Data hizo zilichapishwa na Peter McCullagh na Nelder katika kitabu chao cha mwaka wa 1989, na mwaka wa 1993 Norman Breslow na David Clayton walizitumia kuonyesha njia yao ya kukadiria modeli mseto za mstari zilizojumlishwa. Njia hiyo ilikuwa ya karibu tu, na miaka miwili baadaye Breslow mwenyewe pamoja na Xihong Lin walionyesha jinsi inavyopotoka na wakatoa marekebisho. Njia bora zaidi zilifuata kadiri kompyuta zilivyopata nguvu.

Hapo ndipo swali la kuhukumu lilipozuka kwa sura mpya. Makadirio yamepatikana, sasa itajulikanaje kwamba tofauti ya watu na wanyama si ya bahati? Katika uchanganuzi wa zamani jibu lilitegemea digrii za uhuru, yaani idadi ya ushahidi unaojitegemea baada ya kutoa ule uliokwisha kutumika. Katika modeli mseto idadi hiyo haina jibu moja. Je, mtafiti wa ngeli ya KI-VI ana ushahidi 400, kwa kuwa majibu ni 400? Au ana 20, kwa kuwa wanafunzi ni 20 na majina ni 20? Ukweli uko mahali fulani katikati, na mahali penyewe hutegemea jinsi wanafunzi wanavyotofautiana na jinsi majina yanavyotofautiana, mambo ambayo nayo yamekadiriwa tu. Douglas Bates wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, muundaji mkuu wa programu ya lme4, alichukua msimamo ambao wengi waliuona kuwa ukaidi. Kwa modeli mseto za kawaida, programu yake haikuchapa thamani ya p kabisa, na mwaka wa 2006 alieleza hadharani kwamba hakuona msingi wa kuaminika wa kuitoa. Watafiti waliozoea kusoma safu moja ya jedwali na kuruka nyingine walibaki mikono mitupu.

Kwa majibu ya ndiyo na siyo programu hiyo hiyo huchapa thamani ya p, na hapa pana mtego. Msomaji huweza kudhani kwamba huku hesabu ni salama zaidi, kumbe sivyo. Thamani hiyo hutokana na jaribio la Wald: makadirio hugawanywa kwa kosa lake sanifu, na tokeo likapimwa kana kwamba utofauti wa watu na wa maneno unajulikana barabara. Maneno yakiwa 20, haujulikani barabara. Tena jaribio hili lina kichaa chake, kilichoonyeshwa na Walter Hauck na Allan Donner mwaka wa 1977: athari ikiwa kubwa mno, kwa mfano kama karibu wanafunzi wote wanapata majina yote ya watu, kosa sanifu huvimba upesi kuliko makadirio yenyewe, na athari iliyo dhahiri kwa macho huonekana si kitu.

Njia ya pili ni kuikadiria modeli mara mbili, mara moja ikiwa na athari inayobishaniwa na mara moja bila hiyo, kisha kupima modeli imepoteza kiasi gani kwa kunyimwa athari hiyo. Kipimo cha kulinganishia, kai-mraba, kimetokana na kazi ya Samuel Wilks ya mwaka wa 1938. Njia hii haipatwi na kichaa cha Wald, na kwa sababu hiyo yastahili kupendelewa. Lakini nayo huahidi usahihi pale tu ambapo sampuli ni kubwa, na ukubwa unaohusika hapa ni wa idadi ya watu na maneno, si wa idadi ya majibu. Ya tatu ni ya jasho zaidi. Kompyuta hupewa modeli isiyo na athari ile, nayo huzalisha seti za data za kubuni kwa mamia au maelfu, na mtafiti hutazama ni mara ngapi bahati tupu imetoa tofauti kubwa kama aliyoiona yeye. Ben Bolker na wenzake, walipowaandikia wanaikolojia mwongozo mwaka wa 2009, walilieleza tatizo hili kwa uwazi bila kuahidi njia ya mkato.

Wataalamu wa lugha walifikiwa na haya yote kwa mkupuo mwaka wa 2008, katika toleo maalumu la Journal of Memory and Language. Harald Baayen, Douglas Davidson na Bates walionyesha kwamba watu na maneno vinaweza kuwekwa pamoja katika modeli moja, bila F mbili na bila kuunganisha. Florian Jaeger akaonyesha ubaya wa kuyageuza majibu ya ndiyo na siyo kuwa asilimia kisha kuyachanganua kama vipimo vya kawaida: hesabu ya namna hiyo huweza kutabiri kwamba mwanafunzi atapata zaidi ya majibu 100 kwa 100. Miaka 35 baada ya Clark, njia ya maabara na njia ya mazungumzo yaliyonaswa zilikuwa zimefika mahali pamoja.

Hazikufika kwenye utulivu. Mwaka wa 2013 Dale Barr, Roger Levy, Christoph Scheepers na Harry Tily walionya kwamba watafiti wengi walikuwa wakimpa kila mtu kiwango chake cha jumla tu. Katika mfano wa ngeli, hiyo ni sawa na kukiri kwamba wanafunzi wengine ni hodari kuliko wengine, huku ikidaiwa kwamba pengo kati ya watu na wanyama ni lile lile kwa wote. Pengo hilo likiwa kweli linatofautiana, modeli hulitaja kuwa thabiti upesi kuliko inavyostahili. Ushauri wao ulikuwa kuweka kila tofauti ambayo mpango wa utafiti unairuhusu. Bates, Reinhold Kliegl, Shravan Vasishth na Baayen walijibu mwaka wa 2015 kwamba data chache hazina nguvu ya kubeba mzigo huo. Mwaka wa 2017 Hannes Matuschek na wenzake waliongeza kwamba anayejilinda mno dhidi ya kudai kisichokuwepo hulipa kwa kushindwa kukiona kilichopo.

Kwa wachunguzi wa lugha za Kiafrika mjadala huu ulikuwa umekwisha kubisha hodi kupitia mlango mwingine. Mwaka wa 2011 Quentin Atkinson alidai katika jarida la Science, kwa kuzichunguza lugha 504, kwamba idadi ya fonimu za lugha hupungua kadiri lugha inavyokuwa mbali na Afrika, na kwamba hiyo ni alama ya safari ya kale ya binadamu. Hapa waliohesabiwa hawakuwa watu wala maneno. Zilikuwa lugha zenyewe, na lugha zina ukoo. Kiswahili, Kipokomo, Kiilwana, lugha za Kimijikenda na za Komoro ni za tawi moja la Kibantu, liitwalo Sabaki. Zikisema Kiswahili, Kigiryama, Chidigo na Shingazidja, kiambishi kinachofanana katika majina hayo ni urithi mmoja uliogawanywa, wala si ushahidi uliopatikana mara nne. Jaeger, Peter Graff, William Croft na Daniel Pontillo waliyarudia madai ya Atkinson mwaka huo huo katika jarida la Linguistic Typology, wakaziweka koo za lugha ndani ya modeli mseto na kuuliza ni kwa kiasi gani umbali kutoka Afrika ungeendelea kuhesabiwa kuwa na umuhimu ikiwa kila ukoo utaruhusiwa kuwa na mwelekeo wake.